Ngano ya Basotu na Akili Mnemba

Imeenea miongoni mwa wasomi wa siku hizi rai moja inayopokewa bila ya kupimwa. Husemwa kwamba utawala wa akili mnemba, yaani wa mashine zinazojifunza, zinazonena, zinazokisia na zinazoamua, ni shughuli ya mataifa yanayozitengeneza. Kwamba wajibu wa nchi kama Tanzania ni kuzipokea upesi na kuzitumia vizuri. Na kwamba wilaya zilizo mbali na miji mikuu, kama Mbulu na Hanang, hazina neno la kutia katika shauri hilo, ila zingoje zamu yao. Rai hii ni ya makosa, na makosa yake si madogo. Ni vigumu kupata mahali palipokwisha kulionja shauri hili kuliko Mbulu na Hanang. Wilaya hizo zilipata kuletewa mashine kubwa, kwa nia iliyosifiwa, na watu waliojua hesabu. Yaliyofuata ni somo ambalo watungaji wa sheria za akili mnemba hawajalisoma.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ya Tanzania ilitaka nchi ijitosheleze kwa ngano. Nyanda za Basotu, katika Hanang, zilionekana kuwa zafaa. Kanada, nchi mashuhuri kwa zao hilo, ilitoa wataalamu, fedha, matrekta na mashine za kuvunia. Na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lililojulikana kwa jina la NAFCO, likashika uendeshaji. Yakaanzishwa mashamba saba yaliyoenea takriban eka 100,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Ngano ilipatikana, tena kwa wingi. Asemaye kwamba haikupatikana hasemi kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini ilitoka katika nyanda hizo.

Walakini nyanda hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, ambao mifugo yao ilihama kwa utaratibu kutoka aina moja ya malisho hadi nyingine kwa kufuata majira. Nyanda zenye rutuba, waziitazo muhajega, zilikuwa bora kuliko malisho mengine yote, na kwa sababu hiyo hasa zilipumzishwa sehemu ya mwaka. Mtu mgeni na utaratibu huo, akipita wakati wa mapumziko, aliona majani bila ng'ombe, naye akahukumu kwamba ardhi haitumiki. Hukumu hiyo ilikuwa na sura ya elimu, kumbe ilikuwa upofu. Kuchukuliwa kwa muhajega hakukuwa kupungukiwa na kipande cha malisho. Kulikuwa kuvunjika kwa mzunguko mzima, kama pingili moja ya mnyororo ikatwapo. Njia za kwendea majini zikazibwa, na makaburi ya wazee, yaitwayo bung'eda, yakapitiwa na majembe ya matrekta.

Wenyeji walikwenda mahakamani. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 waliishtaki NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu zake ilikuwamo hii: kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya mwaka 1923, iliyoachwa na Waingereza. Msomaji na atulie kidogo juu ya jambo hili. Watu waliozikwa babu zao katika ardhi ile walishindwa, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa hawakuonyesha uthibitisho kwamba wao ni watu wa pale. Ukweli ulikuwapo, ila haukuwa umeandikwa mahali ambapo sheria ilizoea kutazama.

Sasa yafaa kuuliza kosa lilikuwa la nani. Trekta halikuwa na kosa, lilikwenda lilikoelekezwa. Wala haikuwa dhambi kutaka nchi ishibe. Makosa yalikuwa matatu. La kwanza, waliopima walihesabu kile tu walichojua kukihesabu, nacho ni magunia ya ngano. La pili, aliyepoteza hakuulizwa kabla ya kupoteza. La tatu, baada ya hasara hapakuwa na mtu mmoja aliyelazimika kujibu. Aliyetoa fedha hakuwa mwenye shamba, aliyeendesha shamba hakuwa mtunga sheria, na mtunga sheria hakuwa mwenye ng'ombe. Wajibu uligawanywa vipande vipande hata ukapotea njiani.

Atakayeitazama akili mnemba ya leo atayakuta makosa hayo matatu yakirudi kwa mavazi mapya. Mashine hizi hujifunza kutokana na yaliyoandikwa, yaliyopigwa picha na yaliyorekodiwa. Lisilokuwamo humo, kwao halipo. Mfano ulio karibu ni mikopo ya simu, iliyoenea Tanzania tangu huduma ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014. Katika mikopo ya namna hii programu humpima mtu kwa nyayo aachazo katika simu yake: fedha anazotuma, akiba anayoweka, muda wa maongezi anaonunua. Mfanyabiashara wa mjini huacha nyayo nyingi. Mfugaji wa Basotu au wa Dongobesh, ambaye mali yake ni ng'ombe, na tena baadhi yao wamekaa katika maboma ya marafiki kwa desturi ya kukopeshana mifugo, haachi nyayo hizo. Mashine humtazama tajiri huyu ikaona fukara, kama mpimaji wa kale alivyotazama muhajega akaona pori. Hapana uongo uliosemwa. Kuna kutokuona kulikopewa cheo cha hesabu. Na kwamba mambo haya yanahitaji mkono wa utawala si dhana tupu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa mtandao bila ya leseni.

Katika lugha jambo hili ni kubwa zaidi. Mbulu na Hanang ni mahali pa nadra duniani. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kiswahili na lugha za majirani wa kusini ni za Kibantu, na Kihadza cha bonde la Yaeda kimesimama peke yake, kisijulikane kuwa na ndugu wa hakika. Mashine inenayo itakapofika katika zahanati ya bondeni itajua Kiingereza sana na Kiswahili vya kutosha. Lakini bibi aliyemleta mjukuu wake mgonjwa huenda akajua Kidatoga peke yake. Hapo pana njia mbili. Ama lugha yake itaachwa, naye ahesabiwe kuwa bubu. Ama watakuja watu na vinasa sauti, waikusanye, waipeleke mbali, kisha wairudishe kwa bei. Njia hizo hutofautiana kwa mengi, lakini zimefanana kwa hili: katika zote mbili bibi hakuulizwa. Makampuni huyaita maneno ya watu mali ghafi, kana kwamba yaliota yenyewe porini bila ya kupandwa. Neno hilo ni ndugu wa lile la zamani, la ardhi isiyotumika.

Watetezi wa rai inayopingwa hapa wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza.

Hoja ya kwanza ni kwamba sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Hiyo ni hatua ya kusifiwa. Lakini kama jina lake lisemavyo, sheria hiyo hulinda taarifa za mtu binafsi: jina lake, afya yake, sura yake. Je, slufay ni ya mtu gani? Hiyo ni dua ya Wairaqw inenwayo na mzee mbele ya mkutano, na mkutano huitika; bila ya waitikiaji haikamiliki. Mtu mmoja akiirekodi na kutia sahihi ya ridhaa, ameridhia kwa niaba ya nani? Na elimu ya Wahadza juu ya asali, mizizi na nyayo za wanyama, ni ya mwindaji yupi? Wahadza, ambao ni takriban watu elfu moja na kidogo, wametafitiwa kuliko watu wengi duniani, hata viumbe vidogo vya matumboni mwao vimekwisha kuandikwa katika majarida makubwa ya sayansi. Ridhaa ya mtu mmoja mmoja haitoshi kulinda kitu ambacho hakuna mtu mmoja aliye nacho.

Wala mtu asiseme kwamba haki ya pamoja ni ndoto isiyoweza kuandikwa. Imekwisha kuandikwa, tena huko huko Mbulu. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu iliyopewa ruhusa katika bonde la Yaeda iliondoka baada ya kelele za wenyeji na watetezi wao. Miaka minne baadaye, Oktoba 2011, Wahadza wa Mongo wa Mono walipata hati ya haki miliki ya kimila juu ya ardhi yao, si kwa jina la mtu mmoja, bali kwa jina la jumuiya, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hiyo haikuwafungia ulimwengu mlango. Iliwapa ufunguo wao wenyewe. Wakiwa nayo waliweza kuingia katika mradi wa kutunza misitu kwa malipo ya hewa ukaa, kwa masharti yaliyojulikana. Basi lililowezekana kwa mti kwa nini lisiwezekane kwa neno? Jumuiya iwezayo kumiliki bonde yaweza kumiliki sauti zake, dua zake na elimu yake ya dawa, ikasema ndiyo kwa mmoja na hapana kwa mwingine.

Hoja ya pili ni ya woga: nchi itachelewa. Wenye hoja hii huonyesha faida za mashine, na faida hizo zipo. Katika utafiti uliofanywa mikoa ya Morogoro na Mbeya na kuchapishwa mwaka 2024, waganga wa zahanati walipewa programu ya kuwaongoza hatua kwa hatua katika kumpima mtoto mgonjwa. Penye programu hiyo watoto waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 23. Pasipo nayo walikuwa asilimia 70. Na watoto hawakudhurika kwa kupunguziwa dawa. Huko Mbulu kwenyewe, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, iliongoza mradi wa uzazi salama katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ukiwamo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Lakini mifano hii, ikitazamwa vema, hushuhudia dhidi ya wale wanaoitaja. Programu ile ya watoto ilijaribiwa kwanza, ikalinganishwa hadharani na vituo visivyo nayo, na mganga akabaki kuwa mganga. Mradi wa Haydom haukuwa wa vifaa peke yake. Ulikuwa wa mafunzo ya mara kwa mara, vyombo vya kupimia mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni, na takwimu zilizorudishwa kwa wakunga wenyewe ili wajisahihishe. Hapo ndipo siri ilipo. Waliotoa hesabu ndio waliorudishiwa hesabu. Huko si kuchelewa, ni kufika. Aliyechelewa ni yule aliyelima Basotu upesi, kisha akatumia miaka mingi mahakamani akibishana na watu ambao angewauliza kwa siku moja chini ya mti.

Hoja ya tatu husemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa ina aibu ndani yake: kwamba wanakijiji hawaelewi mambo haya. Hoja hii huchanganya elimu mbili. Kujua jinsi mashine inavyoundwa ni elimu moja; kujua ilichomtendea mtu ni nyingine. Mbarabaig hakuhitaji kujua injini ya trekta ili ajue kwamba kaburi la baba yake limelimwa.

Na yako maamuzi ndani ya mashine ambayo mhandisi hana haki kuliko mwanakijiji. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe ya mlima Hanang yaliporomoka juu ya Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, na watu 89 wakafa. Chukulia kwamba kesho itawekwa mashine ya kutabiri maporomoko kama hayo. Iwekwe nyepesi kuonya, itawakimbiza watu usiku mara tatu bure, na mara ya nne hawatakimbia. Iwekwe nzito, itanyamaza usiku usiopaswa kunyamaza. Kiwango cha kuonya ni kipi? Hesabu haiwezi kujibu peke yake, maana swali hilo si la hesabu. Ni la kupima hasara ya shamba na mifugo iliyoachwa dhidi ya roho za watu. Wenye mashamba hayo na roho hizo ndio wenye haki ya kusema.

Wala hawakosi mfano wa namna ya kuamua. Mwanaanthropolojia George Klima, katika kitabu chake The Barabaig cha mwaka 1970, alilieleza baraza la wanawake wa Kibarabaig, girgwageda gademga. Mwanamume aliyewakosea wanawake katika haki zao aliweza kuitwa mbele ya baraza hilo, akasikilizwa, akahukumiwa kulipa ng'ombe, na akikaidi laana ilimngoja. Katika baraza hilo waliodhulumiwa ndio waamuzi, na hukumu yao ina meno. Mabaraza mengi ya maadili ya akili mnemba hayana hata moja ya mambo hayo mawili. Wanaokaa humo aghalabu ni watengenezaji, wanunuzi na wataalamu wao. Na hukumu yao ni ushauri ambao kampuni yaweza kuusoma au kuutia sandukuni.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya vijijini, na kwamba hatari kuu ya akili mnemba ni ile waliyoizungumza wakuu wa dunia huko Bletchley, Uingereza, tarehe 1 na 2 Novemba 2023: mashine zenye uwezo mkubwa mno, zisizoweza kuzuiwa na waliozitengeneza. Azimio la mkutano huo lilikubaliwa na nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya, na kutoka Afrika zilikuwamo Kenya, Nigeria na Rwanda peke yake. Hatari hiyo haifai kudharauliwa. Lakini ni hatari ile ile iliyokuzwa. Mashine isiyoweza kuzuiwa na waliozitengeneza haitofautiani, kwa mtu wa Yaeda, na mashine inayoweza kuzuiwa na watu asioweza kuwafikia. Dunia isiyojizoeza kusimamisha mashine ndogo kwa kilio cha mnyonge haitajua kusimamisha kubwa siku ya haja. Januari mwaka huo huo wa 2023 jarida la Time lilikuwa limefichua kwamba wafanyakazi wa Nairobi, chini ya kampuni ya Sama iliyofanya kazi kwa OpenAI, walisoma maandishi ya ukatili na uchafu ili mashine ifundishwe adabu, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Adabu ya mashine ilinunuliwa kwa utulivu wa nyoyo zao, na hakuna aliyewaita Bletchley.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya akili mnemba mwaka 2024, na mwaka huo huo Umoja wa Afrika ukaidhinisha mkakati wa bara zima. Nyaraka hizi ni njema, lakini ya kwanza iliandikwa kwanza kwa ajili ya watu wa Ulaya, na ya pili ni mkakati, si sheria. Zote mbili hazimpi mtu wa Hanang mahali pa kupeleka mashtaka yake.

Basi linalodaiwa si kubwa kupita kiasi. La kwanza, jumuiya ipewe hati ya pamoja juu ya lugha, dua, nyimbo na elimu yake, kwa mfano wa hati ya ardhi ya Mongo wa Mono, na asiwepo mtu wa kuzichukua kwa kufundishia mashine pasipo hati hiyo kuulizwa. La pili, kila wilaya iwe na baraza la watu wanaoguswa na mashine, lenye mamlaka ya kuita, kuhoji na kusimamisha mashine yoyote inayoamua juu ya mkopo, matibabu au tahadhari ya maafa. La tatu, pasiwe na mashine ya kuamua mambo ya watu isiyo na mtu anayejulikana kwa jina, aliye ndani ya nchi, awezaye kushtakiwa kwa makosa yake. Ili wajibu usipotee tena kama ulivyopotea Basotu.

Atakayesema kwamba masharti haya yataifukuza akili mnemba na aonyeshe ni mashine gani njema isiyoweza kuyavumilia. Iliyo njema haiogopi kuulizwa. Katika nyanda za Basotu mashine zilileta ngano, na ngano ililiwa. Lakini hata leo katika vitabu vya sheria limebaki jina la Mulbadaw, kijiji kilichoambiwa kwamba hakikuthibitisha wenyeji wake. Hukumu hiyo haikuandikwa na mashine. Iliandikwa na watu waliotazama mahali penye watu wakasoma karatasi isiyowataja. Mashine zinazojengwa sasa zimesomeshwa kwa karatasi hizo hizo.